Nyama ya Nguruwe kwa Pilipili Mbichi: Angalia na Chungu

Vipo vyakula visivyokubali kuharakishwa, hata mpishi awe hodari namna gani. Kimoja katika hivyo ni chile verde, chakula mashuhuri cha Mexico, hasa katika majimbo ya kaskazini, na cha sehemu za Marekani zilizopakana nayo. Maana ya jina lake ni pilipili ya kijani tu, wala halitaji nyama. Lakini aghalabu ndani yake mna bega la nguruwe lililokatwa vipande na kutokoswa polepole katika mchuzi wa pilipili mbichi na tunda chachu liitwalo tomatilo. Hukaa motoni saa mbili na nusu, wakati mwingine tatu, mpaka nyama ikatike kwa kijiko.

Mambo mawili ndiyo yanayokifanya chakula hiki kiwe kitamu: uchachu wa mchuzi na urefu wa muda. Mambo hayo hayo mawili ndiyo yaliyowafanya waganga na wataalamu wa afya wa Mexico waache kuitazama nyama peke yake, wakakitazama pia chungu inamopikiwa.

Asili ya mapishi haya ni makutano ya pande mbili za dunia. Pilipili, tomatilo na mahindi ni mimea ya Mexico tangu kale, na wenyeji walilima pilipili maelfu ya miaka kabla hajafika mgeni yeyote kutoka Ulaya. Nguruwe wa kufugwa hakuwapo. Aliletwa na Waspania, ambao walitia nanga katika pwani ya Mexico mwaka 1519 na kuuteka mji mkuu wa Tenochtitlan mwaka 1521. Pamoja naye vikaja vitunguu, vitunguu saumu, binzari nyembamba na giligilani. Padri Bernardino de Sahagún, aliyekusanya habari za wenyeji katika karne ya 16, ameandika juu ya wachuuzi wa sokoni waliouza michuzi ya pilipili na tomatilo. Mchuzi ulikuwapo tayari. Ulikuwa ukimngoja nguruwe.

Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba Waspania hao hao walileta pia ufundi wa kukipaka chungu kipako king'aacho kama kioo, ambacho hutengenezwa kwa madini ya risasi. Wafinyanzi wa kale wa Mexico walikuwa hawakitumii kipako hicho. Kwa hiyo nguruwe na risasi viliingia katika jiko la Mexico katika zama moja, na vimekaa pamoja humo kwa karne tano.

Kabla ya kufika kwenye chungu, inafaa kueleza viungo, kwani chakula hiki huharibika sokoni kabla ya kuharibika jikoni.

Tomatilo ni tunda la jamaa ya nyanya, lakini si nyanya mbichi kama wengi wanavyodhani. Ni la mviringo, la kijani, na mengi yana ukubwa wa ndimu. Limefungwa ndani ya ganda jembamba kama karatasi. Neno tomatl la lugha ya Kinahuatl ndilo lililozaa majina ya nyanya katika lugha nyingi za Ulaya. Na hata leo, katika sehemu za kati za Mexico, mtu akisema tomate huwa anakusudia tunda hili la kijani, na nyanya nyekundu huiita jitomate. Mnunuzi hodari hulifunua ganda kidogo na kulibonyeza tunda. Likiwa gumu na limeijaza nyumba yake barabara, hununuliwa; likiwa laini, au limenyauka na kulegea ndani ya ganda, huachwa. Chini ya ganda hilo mna ute unaonata vidoleni. Huondolewa kwa maji ya vuguvugu, na hapana budi uondolewe wote kwa maana una uchungu.

Pilipili nazo huchaguliwa kwa akili, kwani si zote zina kazi moja. Pilipili kubwa kama poblano, au zile ndefu za New Mexico na California, hutiwa kwa ajili ya ladha na uzito wa mchuzi. Ndogo, kama jalapeño na serrano, hutiwa kwa ajili ya ukali. Katika kipimo cha ukali alichokibuni Wilbur Scoville mwaka 1912, poblano hufikia kiasi cha 1,000 hadi 1,500, jalapeño 2,500 hadi 8,000, na serrano 10,000 hadi 23,000. Mpishi anayetia serrano sita kwa kudhani kwamba pilipili ni pilipili atakula peke yake siku hiyo. Ukali hukaa zaidi katika utando mweupe unaoshika mbegu. Mwenye watoto mezani huukwangua utando huo, kisha hunawa mikono kwa sabuni, maana maji matupu hayauondoi.

Kwa watu sita hutosha kilo 1.5 za bega la nguruwe, gramu 750 za tomatilo, pilipili kubwa tano, pilipili kali moja au mbili, kitunguu kikubwa kimoja, punje tano za kitunguu saumu, kijiko kimoja cha chai cha binzari nyembamba iliyosagwa, majani makavu ya oregano kidogo, chumvi, na fungu la majani ya giligilani. Bega ndilo hasa linalotakiwa. Mnofu wa mgongoni, ambao bei yake ni kubwa zaidi, hukauka na kuwa kama nyuzi za katani katika mapishi marefu namna hii. Huu ni mmoja wa mitihani michache ya jikoni ambamo mwenye fedha kidogo humshinda mwenye fedha nyingi.

Pilipili kubwa huchomwa kwanza juu ya moto, zikigeuzwageuzwa mpaka ngozi iwe nyeusi na ivimbe. Hufunikwa kwa kitambaa ndani ya bakuli kwa dakika 15 zitoe jasho, na baada ya hapo ngozi humenyeka kwa vidole. Si vizuri kuzisuuza kwa maji wakati wa kumenya, kwa sababu maji huondoka na ule moshi ambao ndio uliotafutwa. Tomatilo ama huchomwa pamoja nazo, ama huchemshwa. Zikichemshwa, mpishi asiondoke jikoni: mara tu rangi yake inapofifia kutoka kijani kikali hadi kijani cha zeituni, huipuliwa. Zikiachwa zipasuke majini, utamu hubaki katika maji na tunda hubakiwa na uchachu mtupu. Baadaye vyote, pamoja na nusu ya giligilani, husagwa kwa mashine, au hutwangwa katika kinu cha jiwe ambacho Wameksiko hukiita molcajete.

Nyama hukatwa vipande vya kiasi cha sentimita 4, hukaushwa kwa kitambaa, hutiwa chumvi, na kukaangwa katika mafuta yenye moto mkali. Wapishi wengi huharibu hapa kwa pupa. Vipande vyote vikimwagwa kwa pamoja, hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, na ile rangi ya hudhurungi inayoutia mchuzi ladha haipatikani kamwe. Ni bora kukaanga kwa mafungu matatu. Nyama ikishaondolewa, vitunguu hukaangwa katika mafuta yale yale, kitunguu saumu na binzari vikafuata, kisha nyama hurudishwa na kumwagiwa mchuzi wa kijani pamoja na vikombe viwili vya maji au supu.

Kuanzia hapo kazi ni ya moto. Chombo hufunikwa nusu, na moto hupunguzwa mpaka mapovu yapande moja moja. Bega la nguruwe limejaa ukano na ngozi nyembamba zinazofunga misuli. Vitu hivyo havilainishwi na moto mkali, ambao huikaza tu nyama. Hulainishwa na muda, navyo hugeuka taratibu kuwa ute mzito kama ule wa supu ya kongoro. Uchachu wa tomatilo husaidia kazi hiyo, na tena huyakata mafuta ya nguruwe yasimkinai mlaji. Hata uzito wa mchuzi hutokana na tunda hilo, kwa kuwa lina utomvu wa namna ile inayogandisha jamu. Anayetia unga wa ngano ili mchuzi uwe mzito huwa hajangoja vya kutosha.

Wakaao nyanda za juu wataongeza muda. Mji wa Mexico uko kiasi cha mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzijoto 92 au 93, si 100; basi nyama iivayo kwa saa mbili pwani huomba nusu saa zaidi mlimani. Wengine hutia viazi, kama ifanywavyo mara nyingi New Mexico. Viazi hivyo vichemshwe kando kwanza, kwani ndani ya mchuzi mchachu hukaa vigumu kwa ukaidi wa ajabu. Nyumba nyingi za mijini hutumia sufuria ya kufunga mvuke, nayo huimaliza nyama katika dakika 40. Ila mchuzi hutoka mwepesi, na hubidi uachwe wazi motoni upungue.

Sasa chungu. Kwa karne nyingi chakula hiki na vinginevyo vya namna yake vimepikwa katika cazuela, chungu kipana cha udongo ambacho ndani yake kimepakwa kile kipako king'aacho. Wafinyanzi wa Capula na Santa Fe de la Laguna katika jimbo la Michoacán, na wa Santa María Atzompa katika jimbo la Oaxaca, wana sifa kubwa kwa kazi hiyo, na vyombo vya kijani vya Atzompa vinapendeza mno. Kipako cha jadi ni unga wa oksidi ya risasi, uitwao greta. Hauna bei kubwa, hung'aa vizuri, na huyeyuka katika joto dogo la tanuri la kuni. Kasoro yake ndiyo hiyo hiyo: joto la tanuri la namna hiyo aghalabu halitoshi kuifunga risasi yote ndani ya kioo. Hubakia nyingine iliyo huru, ikingoja kitu cha kuitoa.

Kitu hicho ni uchachu. Maharage yakipikwa katika chungu kama hicho hutoa risasi kiasi fulani. Mchuzi wa tomatilo, ndimu au siki hutoa zaidi, na kadiri unavyokaa ndani yake ukiwa moto ndivyo unavyozidi kuitoa. Mpishi asiye na haraka, aliyefuata kila shauri lililoelezwa hapa juu, huwa ndiye anayeichuja risasi nyingi kupita wote. Sumu hiyo haionekani mchuzini, wala haibadilishi ladha ya chakula kwa namna ya kumshtua mlaji. Huingia katika damu na kujificha mifupani kwa miaka mingi. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa kuwa ubongo wao ungali ukikua, na watoto walio tumboni, ambao huipata kupitia kwa mama. Mtoto hapatwi na homa wala vipele. Huwa mzito wa kujifunza, na mwalimu humwona mvivu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Serikali ya Mexico imeweka kanuni za kiasi cha risasi kinachoruhusiwa kutoka katika vyombo vya udongo, na shirika la taifa la kazi za mikono, Fonart, lililoanzishwa mwaka 1974, limeshiriki kuwafundisha wafinyanzi kipako kingine kisicho na risasi, chenye madini ya boroni. Uko pia mpango uitwao Barro Aprobado, yaani udongo uliokubaliwa, unaowatambulisha wafinyanzi waliobadilika. Vyombo hupimwa kwa dawa ambayo, ikipakwa juu ya risasi, hugeuka kuwa na rangi ya waridi au nyekundu.

Hata hivyo mabadiliko yamekwenda polepole, na si haki kumlaumu mfinyanzi peke yake. Kipako kipya humgharimu zaidi. Kinadai joto liangaliwe kwa makini, na pengine hakimpi ule mng'aro ambao mnunuzi ameuzoea tangu kwa bibi yake. Kuta za tanuri la zamani nazo zimeshiba risasi, kiasi kwamba chungu kilichopakwa kipako safi hutoka humo kimekwisha kuchafuka. Kumwambia mtu mwenye tanuri moja alibomoe ni rahisi kwa anayesema. Tena yeye na watoto wake ndio wanaouvuta unga wa greta kila siku, kabla chungu hakijafika katika jiko la mtu mwingine.

Kwa mwenye nyumba, ushauri ni mfupi. Chungu cha kung'aa kisichojulikana kilikotoka kisipikiwe chakula kichachu wala kisikihifadhi, hata kikiwa kizuri namna gani, kiwekwe mapambo. Hakuna namna ya kukitakasa nyumbani. Kukichemshia siki au kukisugua kwa kitunguu saumu, kama wengine wanavyofanya kwa nia njema, hakuiondoi risasi. Sufuria ya chuma kisichoshika kutu, au ya enameli isiyobanduka, inafaa kabisa. Vyungu vya wafinyanzi wa Afrika ya Mashariki na Kati kwa kawaida huchomwa bila kipako cha kioo, kwa hiyo havina hatari hii. Lakini sufuria nyembamba ya alumini, ambayo imejaa katika majiko yetu, huliwa na uchachu na kuutia mchuzi ladha ya chuma, na haifai kulaza chakula hiki usiku kucha.

Liko na jambo la nyama yenyewe, nalo linazihusu Mexico na nchi zetu sawasawa. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha watu huweza kuwa na mabuu ya tegu ndani ya misuli yake, yakiwa vifuko vidogo vyeupe. Saa mbili za kutokota huyaua yote, na hapo nyama haina shaka. Lakini watu wengi hudhani hadithi imekwisha hapo, na sivyo. Maradhi mabaya zaidi, yale ya mabuu kuingia katika ubongo wa mtu na kumletea kifafa, hayatokani na kula nyama mbichi. Hutokana na kumeza mayai ya tegu kutoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu tumboni, kwa njia ya mikono michafu, maji, au mboga za majani zisizooshwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika sehemu nyingi ambako watu na nguruwe wanaozurura huishi pamoja, tegu huyu ndiye chanzo cha kiasi cha asilimia 30 ya kifafa. Basi nyama imekaa motoni saa tatu, na hatari imo katika majani mabichi ya giligilani yanayonyunyizwa juu ya sahani dakika ya mwisho. Majani hayo yaoshwe moja moja kwa maji safi, na anayeyakata awe amenawa kwa sabuni.

Asiyepata tomatilo huweza kutumia nyanya za kijani ambazo hazijaiva, akaongeza maji ya ndimu mbili. Ladha hukaribia, ingawa si ile. Badala ya poblano, pilipili hoho za kijani zilizochomwa hufaa, zikiongezwa pilipili kali kidogo. Lile tunda la manjano la nyanda zetu za juu, linalofungwa katika ganda kama karatasi, ni ndugu wa damu wa tomatilo, lakini lililoiva ni tamu mno kwa kazi hii, na bichi lisiliwe. Wasomaji ambao dini yao hairuhusu nguruwe hawapotezi kitu kikubwa: Wameksiko wenyewe huupika mchuzi huu kwa kuku pia, kwa muda usiozidi saa moja.

Nchini Marekani, wengi hupikia chungu cha umeme. Irving Naxon alikipatia hataza mwaka 1940, na kuanzia mwaka 1971 kikauzwa kwa jina la Crock-Pot kwa akina mama waliokwenda kazini asubuhi na kutaka chakula kiwe tayari jioni. Kinafaa kwa bega la nguruwe, mradi nyama ikaangwe kwanza, na maji yapunguzwe, kwa kuwa ndani yake hayapungui kwa mvuke.

Chakula huliwa kwa tortilla, chapati nyembamba za mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, au kwa wali. Kinachobaki hutiwa katika bakuli la kioo na kuwekwa mahali pa baridi, ambapo huganda kama jeli. Siku ya pili huwa kitamu zaidi. Hupashwa moto mpaka kichemke sawasawa, mayai mawili au matatu yakapasuliwa juu yake, kifuniko kikafunikwa, na baada ya dakika tano ni kifungua kinywa.